Shajara ya mradi: 18,446,744,073,709,551,615

Jumamosi

Mradi wenyewe ni huu: kuchukua namba moja kubwa na kuichambua hadi mahali kalamu inapoweza kufika, kisha kuyaandika yote kwenye karatasi ya manila itakayobandikwa ukutani pale vijana wa mtaani wanapokutana jioni kusoma hisabati. Kuna masharti mawili. Kila sifa itakayopanda kwenye manila iwe na ithibati ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata, au iandikwe jina la aliyeithibitisha. Na kompyuta ikague tu, isifanye kazi.

Namba niliyoichagua ni 2^64 − 1, yaani 18,446,744,073,709,551,615 (alama ^ nitaitumia kwa kipeo). Kuanzia hapa naiita N, mkono usichoke.

Wengi wanaifahamu kwa kisa cha sataranji alichokiandika Ibn Khallikan katika karne ya 13. Sissa bin Dahir alimbunia mfalme wa Uhindi mchezo, akaambiwa achague zawadi, akaomba punje moja ya ngano kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, na kuendelea hivyo hadi mraba wa 64. Jumla yake ni N. Kisa kitamu, lakini naona kimeionea namba hii. Watu wakishasikia kuwa ni kubwa wanaridhika na kuondoka, kumbe ukubwa ndiyo sifa yake nyepesi kuliko zote. Basi ukubwa naumaliza leo leo.

Nimepima punje 1,000 za mchele kwenye mizani ya jikoni: gramu 20 hivi. Kwa kipimo hicho, punje N ni tani bilioni 369. Dunia nzima huvuna mchele tani milioni 500 na ushei kwa mwaka, kwa hiyo deni la mfalme ni mavuno ya miaka kama 700 bila mtu kula hata wali wa sahani moja. Mfano wa pili: mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas alitoa fumbo la Mnara wa Hanoi, na mnara wake wenye visahani 64 unahitaji hatua N kamili kuuhamisha. Hatua moja kwa sekunde, ni miaka bilioni 584. Imetosha.

Jumapili

Nimeipata N kwa mkono. Si lazima kuzidisha kwa 2 mara 64. Unapandisha mraba juu ya mraba: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296, kisha 18,446,744,073,709,551,616. Mara sita tu, na ya mwisho peke yake ndiyo inayokula ukurasa mzima. Al-Biruni, mnamo mwaka 1000, alikokotoa jumla hiyo ya sataranji kwa njia ya miraba namna hii.

Ukaguzi wa kompyuta ulikuwa na vituko vyake. Programu ya majedwali huhifadhi tarakimu 15 tu: ukiichapa N yenyewe, inakurudishia 18,446,744,073,709,500,000, na ukiiagiza ikokotoe 2^64 − 1 inakuonyesha 18,446,744,073,709,600,000. Jibu moja, sura mbili, na hakuna iliyo sahihi. Python, lugha ya kuandikia programu, inatoa tarakimu zote 20 bila kusita. Vijana nimewaambia wakague kwa hiyo.

Kwa mfumo wa sifuri na moja ambao kompyuta hutumia, N ni moja 64 zilizopangwa mstari. Ndiyo maana ndiyo namba kubwa kuliko zote zinazoweza kukaa kwenye nafasi ya biti 64, yaani tarakimu 64 za namna hiyo. Ukiongeza 1, nafasi yote inageuka sifuri.

Jumanne

Leo ndiyo kazi imeanza kunoga. Kanuni ni moja, ile ya tofauti ya miraba miwili: A² − 1 = (A − 1)(A + 1). N ni mraba wa 2^32, toa 1. Kwa hiyo:

N = (2^32 − 1)(2^32 + 1)

Mabano ya kushoto nayo yana umbo lile lile, yanavunjika kuwa (2^16 − 1)(2^16 + 1). Kushoto tena, na tena, mpaka unafika 3. Ukikusanya mabano yote ya kulia unapata:

N = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 × 4,294,967,297

Namba yenye tarakimu 20 imepasuka vipande sita kwa kanuni ya darasani, bila kugawa hata mara moja. Baada ya 3, kila kipande unakipata kwa kumtoa 1 mwenzake aliyetangulia, kupandisha mraba, kisha kujumlisha 1: kwa mfano kutoka 17, 16² + 1 = 257. Hizi ndizo namba za Fermat, kwa jina la Pierre de Fermat wa Ufaransa. Mwaka 1640 aliandika katika barua zake kwamba anaamini namba zote za umbo hili ni tasa. 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Ya sita, 4,294,967,297, ndiyo iliyonivutia kwenye mradi huu, na itasubiri zamu yake.

Jumanne, jioni

Kwenye baraza nilikuwa naeleza kisa cha sataranji kwa kutumia ubao wa drafti, maana una miraba 64 ileile. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao hakuinua hata kichwa: "Mwalimu, hesabu zako za wageni. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Piga hesabu ya bao."

"Naam, mzee. Tuanzie shimo la kwanza kete moja, la pili mbili, la tatu nne."

"Hadi la 32?"

"Hadi la 32."

Jibu ni 2^32 − 1 = 4,294,967,295, na mzee alikuwa amegusa kiini cha jambo bila kujua. Hiyo ndiyo namba ya mabano ya kushoto, yaani 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba tasa zote za Fermat zinazojulikana duniani hadi leo ni hizo tano, na zote zimo ndani ya bao. Sataranji ni bao zidisha kile kipande cha sita. Kwenye manila nimeziandika hivyo hivyo, "namba ya bao" na "namba ya sataranji", na mzee ameridhika.

Alhamisi

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Ameangalia manila akauliza, "Mjomba, kwa nini hukujaribu 7? Na 11?" Swali halali kabisa, na jibu lake limegeuka kuwa ufunguo wa mradi mzima.

Fuata mabaki ya vipeo vya 2 ukigawa kwa 7: 2, 4, 1, kisha tena 2, 4, 1. Mzunguko una hatua 3. Hatua ya 64 ni ya 63 ongeza moja, kwa hiyo inaangukia kwenye 2. Basi 2^64 inabakiza 2, na N inabakiza 1. Saba imetoka. Kwa 11 mzunguko ni hatua 10; hatua ya 64 ni sawa na ya 4, yaani 16, baki 5, na N inabakiza 4. Kwa 13 mzunguko ni 12, N inabakiza 2.

Sasa kanuni inajitokeza. Ili namba tasa igawe N, lazima hatua ya 64 iangukie kwenye 1, na hilo linawezekana tu kama urefu wa mzunguko unaigawa 64 sawasawa: 2, 4, 8, 16, 32 au 64. Mzunguko wa 3 ni hatua 2, wa 5 ni 4, wa 17 ni 8, wa 257 ni 16, wa 65,537 ni 32. Kila kipande kimekaa kwenye ngazi yake, na ngazi ya 64 iko wazi. Huko ndiko wanakokaa vigawo tasa vya kipande cha sita, kwa sababu kwao 2^32 inabakiza pungufu ya moja (yaani −1), na kuifikia 1 lazima uende hadi hatua ya 64.

Na kuna kanuni nyingine: urefu wa mzunguko wa namba tasa p daima huigawa p − 1. Kwa hiyo kigawo chochote tasa cha 4,294,967,297 lazima kiwe cha umbo 64k + 1. Kanuni hii ya pili ni ya Fermat mwenyewe, aliieleza mwaka 1640, mwaka uleule wa dhana yake ya namba tasa. Silaha ya kuiangusha dhana ilikuwa mkononi mwake.

Ijumaa

Zamu ya kipande cha sita. Orodha ya namba tasa za umbo 64k + 1 inaanza 193, 257, 449, 577, 641. Nimegawa 4,294,967,297 kwa kila moja na kuandika mabaki:

193: baki 109
257: baki 2
449: baki 325
577: baki 288
641: baki 0

Mgao wa tano umeivunja. 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Christian Goldbach ndiye aliyemwuliza Leonhard Euler kuhusu dhana hii kwa barua ya Desemba 1729, na mwaka 1732 Euler, akiwa St. Petersburg, akaitoa 641. Takribani karne nzima ilikuwa imepita tangu barua za Fermat. Kuwa na kanuni mfukoni na kukaa chini kugawa mara tano ni mambo mawili mbalimbali, na mimi kwenye hili simwonei Fermat huruma hata kidogo.

Kwa anayechukia kugawa, kuna ithibati ya mistari michache, na naipenda kuliko zote zilizomo kwenye manila. 641 ina sura mbili: ni 5 × 2^7 + 1, na pia ni 5^4 + 2^4 (625 + 16). Sura ya kwanza inasema 5 × 2^7 ni sawa na −1 kwa mabaki ya 641. Pandisha kwa kipeo cha 4: 5^4 × 2^28 inabakiza 1. Sura ya pili inasema 5^4 ni sawa na −2^4. Iweke mahali pake: −2^4 × 2^28, yaani −2^32, inabakiza 1. Basi 2^32 + 1 inabakiza 0. Mpwa ameirudia kwa sauti, kisha akaniomba nitoke kidogo aiandike mwenyewe bila kuangalia.

Ijumaa, usiku

Je, 6,700,417 ni tasa? Mtu angedhani ni mgawo wa mamia. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na kidogo, na kigawo chake chochote kingekuwa pia kigawo cha kipande cha sita, kwa hiyo lazima kiwe cha umbo 64k + 1. Nne za mwanzo zimeshakataliwa hapo juu. Zilizobaki chini ya 2,588 ni saba tu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Mabaki yake kwa mfuatano: 44, 120, 334, 832, 622, 232, 94. Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na migawo saba imetosha.

N imekamilika:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Vigawo tasa saba, hakuna kinachojirudia. Kila kigawo cha N kinatengenezwa kwa kuamua, kwa kila mmoja wa hao saba, aingie au asiingie. Kwa hiyo N ina vigawo 128.

Nyongeza ndogo: 4,294,967,297 ni 65,536² + 1², lakini pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia mbili tofauti, na Euler alilijua hilo vizuri. Kwa hiyo hata bila kuijua 641, mistari miwili ya kuzidisha inatosha kuonyesha kuwa si tasa.

Jumapili

Pembenyingi. Karl Friedrich Gauss alikuwa na miaka 18 mwaka 1796 alipogundua kuwa umbo sawa lenye pande 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Kanuni nzima, ambayo nusu yake ilithibitishwa na Pierre Wantzel mwaka 1837, inasema hivi kwa pande witiri: umbo linachoreka pale tu idadi ya pande inapokuwa zao la namba tasa za Fermat zisizojirudia. Kwa kuwa zinazojulikana ni tano, pembenyingi witiri kubwa kuliko zote tunayojua kuwa inachoreka ina pande 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Ndiyo namba ya bao.

Ingechorwa kuizunguka dunia kwenye ikweta, ile inayopita Nanyuki, kila upande ungekuwa na urefu wa milimita 9.3. Richelot aliandika namna ya kuchora ya pande 257 mwaka 1832. Johann Gustav Hermes alitumia miaka kumi kwa ile ya pande 65,537 na maandishi yake, ya mwaka 1894, yamehifadhiwa Göttingen. Ya bao inafuata kutoka hizo tano kwa kuunganisha pembe. Hakuna atakayeichora.

N yenyewe, pande za sataranji, haichoreki, kwa kosa la 641 na 6,700,417.

Jumatano

Pembetatu ya Pascal. Chora safu 64, kila namba ikiwa jumla ya mbili zilizo juu yake, kisha paka rangi zilizo witiri na uache shufwa. Andika 1 kwa rangi na 0 kwa nafasi tupu, usome kila safu kama namba ya mfumo wa sifuri na moja:

1 ni 1
11 ni 3
101 ni 5
1111 ni 15
10001 ni 17
110011 ni 51
1010101 ni 85
11111111 ni 255

Kila safu ni kigawo cha N. Safu ya 32 ni namba ya bao, ya 33 ni 4,294,967,297 (moja, sifuri 31, moja), na ya 64 imejaa moja tupu: ni N yenyewe.

Sababu iko kwenye aljebra ya kawaida. Safu zinatokana na kuzidisha (1 + x) kwa yenyewe tena na tena. (1 + x)² ni 1 + 2x + x², lakini 2x ni shufwa, inafutika, inabaki 1 + x². Ukipandisha mraba tena inabaki 1 + x⁴, kisha 1 + x⁸. Weka 2 mahali pa x: 3, 5, 17, 257. Namba za Fermat zimerudi kwa mlango mwingine, na safu nyingine zote ni mazao yake. Kwa safu 64 unapata vigawo 64. Vile vingine 64 ni vile vinavyoitenga 641 na mwenzake, na pembetatu haiwaoni wakiwa mbalimbali. Vijana wawili wamejitolea kupaka rangi. Kazi inaendelea.

Ijumaa

Vidokezo vya pembeni. N inaishia na 111 katika mfumo wa sifuri na moja, maana yake ukiigawa kwa 8 inabaki 7, na namba ya namna hiyo haiandikiki kwa jumla ya miraba mitatu, inahitaji minne. N si namba ya pembetatu pia (yaani jumla kama 1, 1 + 2, 1 + 2 + 3 na kuendelea): za umbo 2^k − 1 zilizo za pembetatu ni 0, 1, 3, 15 na 4,095 tu. Ramanujan alilipendekeza swali hilo mwaka 1913, Nagell akalithibitisha mwaka 1948. Jumla ya vigawo vyote vya N ni kama mara 1.70 ya N, haifiki mara 2, kwa hiyo ni namba pungufu: vigawo vyake bila yenyewe havifikii N vikijumlishwa.

Jumamosi

Kona ya mwisho ya manila nimewapa majirani. Namba tasa iliyo karibu zaidi chini ya N ni 18,446,744,073,709,551,557. Juu yake ni 18,446,744,073,709,551,629. Lakini jirani ninayemtaka ni N + 2, yaani 2^64 + 1, namba ya Fermat inayofuata. Fortuné Landry aliivunja mwaka 1880 akiwa na miaka 82: 274,177 × 67,280,421,310,721.

Kuitafuta 274,177 kwa njia yetu ya Ijumaa ni kazi kubwa, kwa kuwa mzunguko sasa ni 128 na yenyewe ni ya 2,142 kwenye mstari wa 128k + 1. Kuikagua, hata hivyo, ni hatua mbili. 274,177 × 15,665 ni 4,294,982,705, yaani 2^32 ongeza 15,409. Kwa hiyo 2^32 ni sawa na −15,409 kwa mabaki. Mraba wa 15,409 ni 237,437,281. Na 274,177 × 866 ni 237,437,282. Imepungua moja kamili, basi 2^64 inabakiza −1, na 2^64 + 1 inagawanyika. Hiyo imeingia kwenye manila kwa wino mwekundu. Zimebaki safu za mwisho za Pascal, kuanzia ya 50.